Bwawa Lisilo na Koki: Ugumu wa Kuitunza Barton Springs

Msimamizi wa bwawa la kawaida la kuogelea ana vitu vitatu vya kumpa usingizi: koki, chujio na pipa la klorini. Maji yakizidi anayafunga, yakichafuka anayachuja, na kijidudu kikijitokeza anakitilia dawa. Msimamizi wa Barton Springs, katika jiji la Austin, jimbo la Texas, Marekani, hana hata kimoja. Maji yake yanatoka kwenye ufa wa mwamba, yanaingia bwawani yenyewe na kuondoka yenyewe. Chujio hakuna. Klorini imepigwa marufuku. Na chini ya mawe, karibu na ubao ambao watoto wanarukia, anaishi mnyama mdogo anayelindwa na sheria ya nchi nzima, ambaye akidhurika jiji linaweza kujikuta mahakamani.

Juu ya hayo, watu wanamiminika hapo mwaka mzima, na jiji lenyewe halikomi kukua. Sensa ya 1990 ilihesabu wakazi 465,622 mjini Austin. Ya 2020 ikahesabu 961,855. Bwawa ni lile lile.

Kiswahili kinatumia neno moja, bwawa, kwa mahali pa kuogelea na kwa maji yaliyokingwa kwa ukuta mtoni, na hapa neno hilo limepata mahali pake, kwa sababu Barton Springs ni vyote viwili. Ni kipande cha kijito cha Barton, ndani ya bustani ya Zilker, kilichozibwa kwa ukuta wa zege upande wa chini mwaka 1929. Urefu wake unakaribia mita 300, eneo lake ni kama hekta 1.2, na penye kina kirefu maji yanafika mita 5 na zaidi. Sakafu ni changarawe na mwamba. Joto la maji linakaa kwenye nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, Januari na Agosti. Mchana wa Agosti, jua la Austin linapovuka nyuzi 38, mtu anayejitosa humo hutoa sauti ambayo hakuipanga.

Jina linatokana na William Barton, mlowezi aliyehamia hapo mwaka 1837 na kuziita chemchemi tatu majina ya binti zake: Parthenia, Eliza na Zenobia. Parthenia ndiyo chemchemi kuu inayojaza bwawa. Mmiliki binafsi wa mwisho, mfanyabiashara Andrew Zilker, alianza kuikabidhi ardhi hiyo kwa umma mwaka 1917. Ila "umma" ule ulikuwa na mipaka yake. Kwa miongo mingi Waamerika weusi hawakuruhusiwa kuogelea hapo. Mwaka 1960 mwanafunzi wa sekondari, Joan Means, alijitosa majini wakati wanafunzi wenzake weupe wakiwa kwenye pikiniki yao ya kumaliza shule, na majira yale ya joto vijana wengine wakafuata. Ubaguzi pale bwawani ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ninalitaja hili mapema kwa sababu kila mjadala wa Barton Springs, uwe wa ada au wa saa za kufungua, una swali hilo hilo chini yake: umma ni nani?

Maji yanatoka wapi

Asiyejua maji yanakotoka hataelewa kwa nini msimamizi wa bwawa anahangaika na maegesho ya magari yaliyo kilomita 15 kutoka ofisini kwake. Kwa hiyo tuanze mbali.

Mvua inayolisha chemchemi hizi hunyesha magharibi na kusini-magharibi mwa jiji, kwenye vilima vyenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 680. Inatiririka kwenye vijito sita: Barton, Williamson, Slaughter, Bear, Little Bear na Onion. Vijito hivyo vikifika kwenye ukanda wa mwamba wa chokaa uliopasuka-pasuka, ukanda wa kama kilomita za mraba 230, hutokea kitu ambacho mgeni akikiona anadhani macho yanamdanganya. Kijito kinachotiririka vizuri kinaanza kupungua bila kuchepuka popote. Maji yanazama kwenye nyufa, mapango na mashimo yaliyo kitandani mwa kijito, na mbele kidogo unakuta mawe makavu. Yaliyozama yanasafiri gizani kuelekea kaskazini, yanakusanyika, kisha yanaibuka karibu yote mahali pamoja: Barton Springs. Wataalamu wanaliita ghala hilo la chini ya ardhi Edwards Aquifer, na kipande hiki chake kinabeba jina la chemchemi.

Tumezoea kuamini kwamba maji ya chini ya ardhi ni masafi kwa sababu ardhi imeyachuja. Ni kweli kwa mchanga. Chokaa yenye mapango haichuji kitu; ni mtandao wa mabomba ya asili. Watafiti wa Austin walimwaga rangi maalumu kwenye mapango na vijito, kisha wakaivizia chemchemini. Maji yakiwa mengi, rangi iliyomwagwa mbali kusini ilifika kwa siku chache tu, na ile ya karibu ilifika upesi zaidi. Kwa maneno mengine, bomba la kuleta maji bwawani lipo, tena kubwa, ila limezikwa, lina midomo mingi isiyohesabika, na halina koki.

Tufanye hesabu ya haraka, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini bwawa lisilo na dawa linaogeleka. Kwa wastani wa miaka mingi chemchemi zinatoa kama lita 1,500 kwa sekunde, sehemu kubwa kupitia chemchemi kuu. Kwa siku ni karibu mita za ujazo 130,000. Tuchukulie, kwa kukisia tu, kwamba wastani wa kina cha bwawa ni mita 2. Basi bwawa lote linabeba mita za ujazo 24,000 hivi. Maji yanabadilishwa mara kadhaa kati ya asubuhi na asubuhi. Hakuna pampu ya hoteli inayoweza kazi hiyo. Jasho, mafuta ya kujikinga na jua, na yale mengine ambayo watoto huyaacha majini bila kutangaza, vyote vinasukumwa nje kupita ukutani.

Sasa geuza hesabu hiyo. Katika ukame mkuu wa miaka ya 1950 chemchemi zilishuka hadi kama lita 280 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho bwawa lile lile linahitaji siku nzima kubadilisha maji mara moja. Mwani unashamiri, oksijeni inapungua, na uchafu uliokuwa unaondoka bila kuonekana unaanza kukaa. Mkondo ndio chujio, ndio dawa, ndio kila kitu. Na mkondo unaamuliwa na mvua ya mwaka jana na visima vya watu wengine.

Kijito juu ya bwawa

Kwa kuwa bwawa limekaa ndani ya kijito, mafuriko yana njia yake ya kulitembelea. Wahandisi walijaribu kulitatua hilo kwa kujenga ukuta wa pili upande wa juu na handaki la zege linalopita kando, chini ya njia ya waenda kwa miguu, ili maji ya kijito yazunguke bwawa na kutokea chini ya ukuta wa 1929. Mvua ya kawaida ikinyesha, handaki linatosha. Mvua kubwa ikija, kijito kinapanda juu ya ukuta na kuingia moja kwa moja, kikiwa na tope, changarawe, matawi na chochote ambacho mji umekiacha barabarani. Hapo bwawa linafungwa. Waogeleaji wanaudhika, kwa sababu jua huwa limesharudi na nyasi zimekauka, lakini bakteria wa kinyesi hawaangalii hali ya hewa. Kuondoa tope na changarawe baada ya mafuriko ni kazi ya siku, na mara nyingine ya wiki.

Salamanda

Mwaka 1993 wanasayansi walimpa jina rasmi mnyama ambaye waogeleaji walikuwa wakipita juu yake kwa miaka: Eurycea sosorum, salamanda wa Barton Springs, amfibia mwenye umbo la mjusi. Ana urefu wa kama sentimita 6, hana mapafu, anapumua kwa matamvua ya nje yanayoonekana kama vishungi vidogo vyekundu shingoni, na hatoki majini maisha yake yote. Makazi yake yanayojulikana zaidi ni kundi hili dogo la chemchemi. Mwaka 1997 serikali ya shirikisho ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2013 akafuatiwa na ndugu yake, salamanda kipofu wa Austin, anayeishi zaidi ndani ya mwamba na kuonekana nje kwa nadra.

Sheria ya Marekani kuhusu viumbe walio hatarini haina mzaha. Kumdhuru mnyama aliyeorodheshwa, hata kwa bahati mbaya, ni kosa. Na kuendesha bwawa ni kudhuru kidogo kidogo: unafagia mawe anayojificha, unashusha maji anayopumua, unaruhusu miguu elfu kukanyaga sakafu. Njia halali ilikuwa jiji kuandika mpango wa kuhifadhi makazi yake na kuomba kibali. Kibali cha kwanza kilitoka 1998 kwa miaka 15. Cha pili kilianza 2013 kwa miaka 20. Ndani ya kibali hicho ndimo ilimoandikwa namna ya kusafisha, lini maji yashushwe, nani ahesabu salamanda, na nini kifanyike wakikutwa wamekwama kwenye changarawe kavu.

Klorini iliondoka kwa njia chungu zaidi. Zamani wafanyakazi walikuwa wakishusha maji na kusugua mwani kwa klorini, kama bwawa lolote. Septemba 1992 dawa ilitumika vibaya na samaki wakafa chini ya chemchemi. Siku hizi kazi ni ya mifagio, mipira ya maji yenye nguvu, na mgongo wa mtu. Ndiyo sababu bwawa linafungwa kila Alhamisi, jambo linalomshangaza kila mtalii aliyepanga safari yake kwa siku hiyo.

Wapo waliolalamika, na bado wapo, kwamba mjusi wa majini amepewa haki kuliko binadamu. Nadhani wamekosea hesabu. Salamanda anahitaji maji mengi, baridi, yenye oksijeni, yasiyo na tope wala sumu. Mwogeleaji anahitaji hayo hayo, ila yeye hana sheria inayomlazimisha mtu yeyote kumpa. Kila mara jiji lilipotaka kulegeza, kulikuwa na kibali chenye sahihi. Kwa bwawa hili, kuwa na mpangaji mwenye wakili imekuwa bahati kubwa.

Chemchemi ya Eliza inaonyesha upande mwingine. Zilker aliijengea ukumbi wa duara wa zege mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mikutano ya klabu yake, na maji yake yakafukiwa kwenye bomba. Leo hakuna anayeogelea humo. Mwaka 2017 bomba lilifukuliwa na maji yakarudishiwa kijito kidogo cha wazi, chenye mawe na mimea, ambamo salamanda wameanza kuishi. Ni kazi ndogo kwa ukubwa, na kati ya yote niliyoyasoma kuhusu mahali hapa ndiyo inayonifurahisha zaidi: kusimamia bwawa kwa kubomoa zege badala ya kuongeza.

Usiku wa Juni 1990

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Freeport-McMoRan ilipanga kujenga kwenye kama hekta 1,600 kando ya kijito cha Barton: maelfu ya nyumba, viwanja vya gofu, maduka na ofisi. Tarehe 7 Juni 1990 madiwani wa Austin waliketi kusikiliza maoni. Waliojiandikisha kuzungumza walipita 800. Watu walizungumza, waliimba, walilia, usiku kucha. Kulipopambazuka baraza likakataa mradi kwa kura zote.

Hadithi hii husimuliwa Austin kama ushindi, na ni ushindi kweli, lakini kwa mtu anayetaka kuelewa usimamizi, yaliyofuata ndiyo muhimu. Kukataa mradi mmoja hakuzuii wa pili. Wananchi wakakusanya sahihi, na Agosti 1992 wakapitisha kwa kura sheria ndogo ya jiji iliyopewa jina la kuokoa chemchemi, Save Our Springs. Moyo wa sheria hiyo ni viwango vitatu vya asilimia, vikavu kabisa. Kwenye ukanda ambako maji yanazama ardhini, hutakiwi kufunika zaidi ya asilimia 15 ya kiwanja kwa paa, saruji au lami. Kwenye vilima vinavyolisha kijito cha Barton, asilimia 20. Kwenye vilima vinavyolisha vijito vingine, asilimia 25.

Kwa nini saruji? Kwa sababu mvua inayoanguka kwenye majani hupenya taratibu, na inayoanguka kwenye lami hukimbia. Maji yanayokimbia hubeba mafuta ya magari, kinyesi cha mbwa, mbolea ya bustani na tope la maeneo ya ujenzi, na mdomo wa bomba lililozikwa uko hapo hapo ukisubiri. Kikomo cha saruji ni kama kumwambia kila mwenye kiwanja: wewe nawe ni msimamizi wa bwawa, utake usitake.

Wenye viwanja wengi hawakutaka. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Juu ya Texas, ambayo mwaka 1998 iliithibitisha sheria. Lakini bunge la jimbo lilikuwa na njia yake. Sheria ya jimbo iliyorudishwa mwaka 1999 inasema mradi unahukumiwa kwa kanuni zilizokuwapo siku ombi lake la kwanza lilipowasilishwa. Aliyewahi kupeleka ramani mapema, hata ya kubahatisha, aliweza kujenga miaka mingi baadaye kwa kanuni za zamani. Hivyo ukiendesha gari kusini-magharibi mwa Austin unaona mitaa miwili jirani, mmoja una miti na nafasi, mwingine umesakafiwa kutoka uzio hadi uzio. Yote miwili ni halali.

Jiji likajifunza njia ya moja kwa moja zaidi: kununua ardhi. Mwaka 1998 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 65 za mkopo kwa ajili ya kununua au kufunga haki za ujenzi kwenye eneo linalolisha chemchemi. Waliidhinisha tena baadaye, ikiwamo dola milioni 72 mwaka 2018. Ni ghali. Ila ardhi iliyonunuliwa haiwezi kubadilishiwa kanuni na bunge la mwaka kesho, na ng'ombe wachache juu ya majani hawajawahi kuziba pango.

Ugumu unaobaki ni mpaka. Sheria ya Austin inaishia pale Austin inapoishia. Vilima vingi viko kwenye kaunti ya Hays na miji kama Dripping Springs, ambayo nayo inakua, na ambayo wakazi wake hawampigii kura diwani yeyote wa Austin. Nyumba mpya zinaleta majitaka, na majitaka hata yakisafishwa yana naitreti, chumvi ya nitrojeni inayolisha mwani. Vipimo vya wanajiolojia wa serikali vilionyesha kwamba naitreti katika Barton Springs mwishoni mwa muongo wa 2000 ilikuwa juu kuliko miaka ya nyuma. Jiji linaweza kubishana, kushawishi, kununua. Kuamuru haliwezi.

Rangi nyeusi ya maegesho

Januari 2003 bwawa lilifungwa ghafla. Gazeti la jiji lilikuwa limeandika kuhusu kemikali hatari kwenye matope ya eneo hilo, zile zinazoitwa kwa kifupi PAH, baadhi zikihusishwa na saratani. Kwa miezi kama mitatu watu walikaa nje ya uzio huku wataalamu wa afya wa jimbo na wa shirikisho wakipima. Jibu likaja: kuogelea ni salama. Bwawa likafunguliwa.

Wengi wangeishia hapo. Kwa bahati nzuri, wafanyakazi wa mazingira wa jiji walikuwa na swali ambalo halikuwaacha: kemikali hizi zinatoka wapi hasa? Mwanzoni walishuku taka za zamani, moshi wa magari, matairi. Walipofuata matope kwenda juu, njia iliishia kwenye maegesho ya magari, kwenye rangi nyeusi inayong'aa ambayo wenye majengo huipaka lami kila miaka michache ili ionekane mpya. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe. Inachakaa, inakuwa vumbi, mvua inalibeba. Utafiti uliofanywa na jiji pamoja na shirika la jiolojia la Marekani, USGS, na kuchapishwa 2005, ulionyesha kwamba maji yanayotiririka kutoka maegesho yaliyopakwa rangi hiyo yalikuwa na PAH nyingi mno kuliko yale yanayotoka kwenye lami ya kawaida.

Novemba 2005 Austin ikapiga marufuku rangi hiyo, jiji la kwanza nchini kufanya hivyo, na marufuku ikaanza kazi mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye watafiti wa USGS walipima matope ya ziwa la Lady Bird, ambako maji ya Barton Springs yanaishia, na kukuta PAH zimepungua kwa asilimia 58.

Hilo linaonyesha vizuri jinsi mahali hapa panavyofanya kazi. Kufungwa kwa bwawa, kwa hatari iliyohofiwa, hakukuwa na msingi. Lakini bila waogeleaji elfu kadhaa waliokasirika nyuma ya uzio, sidhani kama kuna mtu angepata fedha za kuchunguza rangi ya maegesho.

Watu

Nimesema mengi kuhusu maji na machache kuhusu watu, na msimamizi wa kila siku angenicheka, kwa sababu muda wake mwingi unaenda kwa watu. Waokoaji hawatoshi: mwaka 2022 upungufu ulilazimisha bwawa kufungwa siku za ziada, na jiji likapandisha ujira ili kuwapata. Ada hutofautisha mkazi na mgeni, na mgeni hulipa zaidi. Alfajiri, kuanzia saa 11 hadi saa 2 asubuhi, mtu huingia bure na kuogelea kwa dhamana yake mwenyewe, bila mwokoaji, na saa hizo zina wenyewe, wazee wa miaka mingi wanaojuana kwa mitindo ya kuogelea kuliko kwa majina. Usiku wa mwezi mpevu wapo wanaokuja kuubwekea mwezi kama mbwa mwitu. Hakuna kanuni inayowakataza, na hakuna inayowaeleza.

Chini ya ukuta, nje ya uzio, kuna kipande cha bure ambacho watu wamekiita Barking Springs kwa sababu ya mbwa. Kule hakuna mlango wala ada, na takataka zake ni mara kwa mara mada ya ugomvi. Kisha kuna miti. Mwaka 2023 mpekani mkubwa uliokuwa umeinamia njia kando ya maji, ambao wenyeji waliuita Flo, ulikutwa na kuvu anayekula mbao kwa ndani. Jiji liliuliza wataalamu zaidi ya mmoja, wote wakasema utaanguka, na Oktoba ukakatwa baada ya sherehe ya kuuaga. Watu walilia. Ukisimamia mahali panapopendwa hivyo, hata msumeno unahitaji mkutano.

Kiangazi

Kinachobaki ni ukame, na huo ndio unaoamua yote mengine. Maji yanayokuja bwawani yanapita kwanza chini ya visima vya maelfu ya watu kusini mwa jiji. Austin yenyewe hunywa maji ya mto Colorado, si ya ghala hili. Wanaolinywa ni jirani zake: miji midogo, mitaa mipya, mashamba. Tangu 1987 kuna mamlaka maalumu ya maji ya ardhini ya eneo hilo, na kipimo chake kimojawapo ni chemchemi yenyewe. Wastani wa siku 10 ukishuka chini ya lita 1,080 kwa sekunde, mamlaka inaweza kutangaza hali ya tahadhari. Ukishuka chini ya 570, hali ya hatari. Kila hatua inawataka wenye vibali vya visima wapunguze kuvuta. Kisima kidogo cha nyumbani kwa kawaida hakiguswi, na visima vidogo ni vingi.

Mamlaka hiyo hiyo ilifanya jambo lingine ambalo ni karibu sana na koki kuliko chochote walicho nacho. Kwenye kitanda cha kijito cha Onion kuna pango liitwalo Antioch, moja ya midomo mikubwa ya bomba lililozikwa. Wakalijengea kizimba cha zege chenye vali. Mvua ya kwanza inapoleta maji machafu, vali hufungwa na uchafu unapita. Maji yakitulia, hufunguliwa na masafi yanazama. Mdomo mmoja, kati ya mingi isiyojulikana idadi.

Na bwawani, siku ya kusafisha? Milango iliyo kwenye ukuta wa chini inaweza kufunguliwa, maji yakashuka na sakafu ikafikiwa kirahisi. Tatizo ni kwamba chemchemi za jirani zimeunganishwa na bwawa ndani ya mwamba. Maji ya bwawa yakishuka, ya Eliza na ya ile ya Zenobia yanashuka pia, na salamanda wanabaki kwenye mawe yanayokauka. Mkondo ukiwa na nguvu, maji hurudi kabla ya madhara. Ukiwa dhaifu hayarudi upesi. Kwa hiyo kibali kinakataza kumwaga bwawa lote wakati mkondo uko chini ya kiwango kilichowekwa, yaani wakati ule ule ambapo mwani ni mwingi, maji ni mazito na waogeleaji wanapiga simu kulalamika kwamba sakafu inateleza.

Alhamisi ya namna hiyo wafanyakazi husoma kwanza kipimo cha mkondo. Namba ikiwa ndogo, milango haifunguliwi. Wanaingia majini na mifagio.